Mnakolala na Mnakoshinda

Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Wanangu na wajukuu zangu wa mnadani,



Ijumaa ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Nyamisati nikisubiri boti ya Mafia, na safari hii nakwenda moja kwa moja. Magoti yamegoma kusimama kwenye sakafu yenye maji ya barafu tangu alfajiri, na bibi yenu amenisubiri Kilindoni vya kutosha. Msinichangie pilau wala kanzu. Ninachotaka ni mnisome kabla ya Jumatano, tarehe 27, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, maana nimewasikia wiki nzima mkiuzungumzia pale kwenye matenga mzigo unapochelewa. Mnasema: mwenyekiti wa mtaa ana nini? Si anagonga muhuri tu?

Ndiyo, anagonga muhuri. Tuanzie hapo hapo.

Ukitaka kitambulisho cha Taifa, barua inaanzia mtaani. Ukitaka kufungua akaunti, kuomba pasipoti, kumwekea mtu dhamana, kufungua mirathi baba akifariki, kuandikisha kikundi cha mkopo, hata kuuza kiwanja chako cha Chanika, utapita kwa mwenyekiti na mtendaji wake. Ikulu ya Magogoni ni jirani yetu kiasi kwamba upepo ukigeuka, harufu ya mafuta ya wakaanga samaki inavuka ukuta bila kibali. Lakini sijaona mtu wa Feri aliyetoka mahabusu kwa sababu ya ujirani huo. Yule kijana wa kupara samaki aliyegombana na mteja, nyote mnamjua, alikaa ndani si kwa ukubwa wa kosa. Alikaa kwa sababu wadhamini walihitaji barua ya mtaa wanakoishi, na kati yao hakuna aliyejua mwenyekiti wake anaitwa nani wala ofisi iko wapi. Mmoja alimpeleka mjumbe wa shina. Polisi wakamrudisha.

Tofauti ya mjumbe na mwenyekiti nayo muielewe, maana hata watu wazima wanaichanganya. Mjumbe wa shina, au wa nyumba kumi, ni mtu wa chama, tangu enzi za TANU. Tulipokuwa na chama kimoja haikuwa na maana kutenganisha, chama ndicho kilichokuwa serikali, na mjumbe alisuluhisha ndoa, akagawa sukari ya mgawo, akajua mgeni wako amefika lini. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mjumbe akabaki wa chama chake. Mwenyekiti wa mtaa ni wa wakazi wote, mwenye kadi na asiye na kadi. Mshahara hana. Ana posho, nayo inakuja ikitaka. Ndiyo maana wengine wao huweka bei kwenye wino. Kuna ofisi moja, siitaji, niliombwa hela ya muhuri kwa barua ya msiba, nikatoa, na kidau chenyewe kilikuwa kikavu, muhuri ukatoka nusu. Mtu wa namna hiyo huwekwa na wale waliokwenda kupiga kura, huku sisi wengine tukiwa tumelala au tuko huku tunapiga mnada.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Hapa Feri mnashinda maelfu. Wavuvi, madalali, wachuuzi, wapara samaki, wakaanga samaki, mama lishe, wabeba matenga, watu wa barafu, wasukuma mikokoteni. Ikifika magharibi mnaondoka. Mmoja anapanda pantoni kwenda Kigamboni, mwingine anaingia gari la Mbagala, mwingine Gongo la Mboto, mwingine Manzese. Wanaolala Kata ya Kivukoni ni wachache, maana kata yenyewe ni wizara, benki, hoteli na bahari. Hao wachache ndio wanaochagua mwenyekiti wa hapa na diwani wa hapa. Wengi wenu mnaolipa ushuru wa soko kila siku hamna kura juu ya soko. Ushuru wenu unaingia Halmashauri ya Jiji. Anayelala Kigamboni kura yake iko Manispaa ya Kigamboni, wa Mbagala yuko Temeke, wa Manzese yuko Ubungo. Hela yako inalala sehemu moja na kura yako sehemu nyingine. Kariakoo ni hivyo hivyo: mwenye duka Mtaa wa Kongo anakaa Tegeta, msaidizi wake anakaa Buza, na aliyebaki na kura ya Kariakoo ni mpangaji wa ghorofani na mlinzi.

Sisemi sheria imekosea. Hata kwingine ni hivyo. Mpwa wangu yuko London, ana pasipoti ya Tanzania, na kwa kuwa nchi yetu imo Jumuiya ya Madola, kule alikopanga chumba anaruhusiwa kumpigia kura diwani. Huku kwao haruhusiwi kupiga akiwa huko, na amenuna kweli kweli kwa hilo. Nilipomuuliza madiwani wao wanagombania nini, akasema takataka zizolewe siku gani, magari yaegeshwe wapi, maktaba ifungwe au isifungwe. Nikacheka. Nikakumbuka kuwa hata joho la meya na mkufu wake tulirithi huko huko, Waingereza walipoifanya Dar es Salaam manispaa mwaka 1949. Mwafrika wa kwanza kuwa meya alikuwa Sheikh Amri Abedi, mwaka 1960, mtu wa mashairi. Marehemu baba alikuwa akisema watu walikwenda kumtazama tu akivuka barabara.

Basi kama kura iko unakolala, jukumu lako la kwanza liko huko. Ulijiandikisha kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba? Kama ndiyo, Jumatano ni mapumziko, vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Usiniambie mzigo. Samaki hawajui sikukuu, najua, lakini boti zikishusha alfajiri, mnada unakwisha na kwenu utafika. Kama hukujiandikisha kwa sababu ulidhani kadi yako ya mpiga kura inatosha, umekosa, orodha ya mtaa ni nyingine na kadi hiyo haiingii humo. Mwakani, kwenye uchaguzi wa madiwani, wabunge na rais, ndipo kadi itakapokuwa na kazi.

Jukumu la pili liko hapa mnakoshinda, na hili halina karatasi ya kura. Nitalirudia baadaye.

Najua mtakalonijibu. Mtasema, Babu, hata wakichaguliwa, wakubwa wakitaka wanafuta. Kweli. Mimi nimeshuhudia mji huu ukinyang'anywa baraza lake mara tatu.

Mara ya kwanza ilianzia 1972. Nilikuwa kijana, nina miaka 23, nabeba matenga kwenye soko la zamani la mabanda. Serikali ikasema madaraka yaende mikoani, halmashauri za miji zikafutwa, mji ukasimamiwa na maofisa wa mkoa. Neno lenyewe lilikuwa tamu, madaraka mikoani. Lakini mtaro ukiziba hukujua umwambie nani, maana ofisa alikuwa anamwangalia aliyemtuma. Kipindupindu kilipolipuka nchini mwaka 1977 kilitukuta na mitaro iliyojaa na majaa yasiyozolewa. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikatunga sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwalimu Nyerere alikuja kukiri hadharani kuwa kuzifuta lilikuwa kosa.

Mara ya pili ndiyo ngumu, na ninyi mnaopenda kubishana muisome taratibu. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye alilivunja baraza la Jiji, na haki ya Mungu lilistahili. Mashimo barabarani, takataka mpaka milangoni, madiwani wanagombania viwanja. Ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikakaa hadi mwaka 2000. Keenja hakupigiwa kura na mtu, na mji ukapendeza. Mashimo ya barabara yakazibwa, taka zikazolewa, vituo vya daladala vikajengwa. Nikiwaambia vingine nitakuwa nawadanganya. Wazee wenzangu wengi mpaka leo wanasema bora Keenja kuliko madiwani kumi.

Mimi sikubaliani nao, na sababu ni hii. Tume ilipokuwa inapatia, ilipatia kwetu sote. Ilipokuwa inakosea, ilimkosea mdogo: mwenye meza, mwenye kibanda, mama wa vitumbua. Banda likivunjwa asubuhi ulikuwa unakwenda kwa nani jioni? Hakukuwa na mtu ambaye alikuhitaji. Diwani hata akiwa mvivu, mwaka wa tano utamwona anakuja na khanga na salamu nyingi, na siku hiyo unaweza kumweka kitako ukamuuliza. Mtu aliyeteuliwa hana mwaka wa tano. Keenja mwenyewe alipomaliza kazi alikwenda kugombea ubunge Ubungo, akapita. Nadhani naye aliona tofauti.

Mara ya tatu mlikuwepo, 2021, Februari. Hayati Magufuli akalivunja lile Jiji lililokuwa juu ya manispaa, akaipandisha Ilala kuwa Jiji. Ndiyo maana leo mtu wa Kinondoni si mtu wa Jiji la Dar es Salaam, ingawa ukimwambia hivyo atakasirika. Hilo lilipita haraka, wala sikusikia mtu akilia hapa mnadani.

Mwaka huo huo, Julai 10, Soko la Kariakoo likaungua. Jengo alilochora Beda Amuli, lililofunguliwa na Mwalimu mwaka 1975, lenye yale mapaa yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa ili kukinga maji ya mvua. Mpaka leo tunaambiwa litafunguliwa karibuni. Oktoba wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara. Mimi siko upande wa kupanga meza mpaka katikati ya njia, gari la zimamoto lipite wapi? Lakini wengi walijua siku ya kuondoka kwa kusikia redioni. Hawakuulizwa kwenye mkutano wowote, na hawakuulizwa kwa sababu mikutano hiyo ikiitishwa hatuendi. Tunachojua ni kufunga maduka. Mei 2023 Kariakoo ilifunga, Waziri Mkuu akaja mwenyewe Mnazi Mmoja. Juni mwaka huu ikafungwa tena. Mgomo unamleta mkubwa, anazungumza, anapigiwa makofi, anaondoka. Kesho yake choo cha soko ni kile kile.

Leo ni wiki moja tangu lile ghorofa la Kariakoo, Mchikichi na Kongo, lianguke. Watu wasiopungua 20 wamekufa, zaidi ya 80 wameopolewa wakiwa hai, na kati ya waliotoa watu wa kwanza kabla ya mashine kufika walikuwa vijana kama ninyi, kwa mikono na nyundo. Waziri Mkuu ameunda timu ya kuchunguza, tuisubiri iseme. Mimi nauliza la kwetu. Kibali cha kujenga hutolewa na halmashauri. Mkaguzi wa majengo ni wa halmashauri. Lakini anayepita mbele ya jengo kila siku na kuona kifusi kinatolewa usiku, kuona ufa, kusikia wapangaji wakinong'ona, ni mtu wa mtaa. Mwenyekiti mwenye macho na mdomo anaandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, na anaweka yake kwenye faili. Asiyefanya hivyo anasubiri kuandika barua za msiba. Mkipita Jumatano mbele ya karatasi ya kura, hilo ndilo mlifikirie. Bendera waachieni wenye bendera.

Bendera yangu mnaijua, ni ya kijani, na kadi ya TANU ninayo bado. Kwa hiyo nikisema hili msiseme Babu katumwa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikasusa, na sehemu nyingi wenyeviti wetu wakapita bila kupingwa. Sikufurahi. Mtu aliyepita bila kupingwa hakunijia mlangoni, hakuniomba, basi hana deni kwangu. Mwaka huu tena majina mengi yamekatwa, mara fomu ina kosa hili, mara muhuri ule. Chama kinachojiamini hakiogopi fomu ya jirani. Ila safari hii kanuni zimebadilika kidogo: hata mgombea akibaki peke yake lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo ukikuta jina moja usigeuze njia. Kama anakufaa, weka ndiyo. Kama humtaki, hapana imewekwa pale kwa ajili yako, na hesabu yake itasomwa mbele za watu.

Kumchagua je? Mnajua ndoo ya vibua inavyopangwa. Wakubwa wenye macho ya kung'aa juu, barafu nyingi, chini wamelegea. Mnunuzi mgeni anatazama, mzoefu anaingiza mkono mpaka kwenye kitako cha ndoo. Mgombea naye muingizieni mkono. Muulizeni mkutano wa mwisho wa mtaa alihudhuria lini, yeye mwenyewe, kabla hajawa mgombea. Muulizeni mapato na matumizi atayabandika wapi. Akianza kuahidi pantoni mpya, mwacheni aende zake, maana pantoni iko TEMESA, serikali kuu, na mwenyekiti wa mtaa hana hata ngalawa. Vivyo hivyo tozo ya daraja la Kigamboni. Anayewaahidi visivyo vyake hajui vilivyo vyake.

Na kilicho chake kimoja kinawahusu sana, mabinti na vijana wangu. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ya ndani ni pamoja na ushuru mnaolipa hapa. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kuonekana vikundi hewa, watu wamechukua na hawapo, na mwaka huu imerudi kwa utaratibu mpya. Kikundi chenu cha wakaanga samaki kimekwama kwa sababu moja, wanachama mnatoka halmashauri nne. Gawanyikeni. Walio wa Temeke waandikishe Temeke, na ofisi ya mtaa ndiyo itakayowatambulisha. Mwenyekiti asiyewajua hawezi kuapa kuwa mpo.

Sasa lile la pili nililoahidi, la hapa mnakoshinda. Soko lina kamati. Uongozi wa soko nao unachaguliwa, na mara ya mwisho nilipotazama, waliokuwa wanapiga kelele zaidi kuhusu taa na mifereji hawakuwemo ukumbini. Diwani wa Kivukoni hamkumchagua, lakini anakaa kwenye baraza linalokula ushuru wenu, na vikao vya baraza raia anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nendeni wawili wawili, mmevaa vizuri, na daftari. Meya wa Jiji naye hachaguliwi na sisi, huchaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Hivyo mlango uliobaki wazi kwenu ni wa diwani. Mpeni maneno yaliyoandikwa, yenye tarehe, na mumwombe asaini nakala yenu. Maneno ya mdomo yanakwisha na kahawa.

Nimemwachia mama lishe wa meza ya mwisho, yule wa chapati, daftari langu kubwa. Humo mna majina ya vikao nilivyokwenda na ahadi zilizotolewa, nyingine mwandiko hausomeki hata na mimi. Wadaiwa wangu nimewafuta, isipokuwa wawili wanaojijua. Mizani ni ya kijana wangu wa zamu ya alfajiri, asiikodishe. Na wenyeviti wapya wakishaapishwa, mkutano wa kwanza wa mtaa ukiitishwa saa 3 asubuhi, wakati ninyi wote mko mnadani, wale wa Kigamboni na Mbagala pelekeni barua ofisini kuomba uhamishiwe saa 10 jioni. Barua hiyo nimeshaiandika, imo katikati ya daftari. Jazeni jina la mtaa wenu na tarehe.

Babu yenu wa mnadani